Kuiandaa Timu ya Chuo na Mashabiki Wake Kupokea Kipigo: Mwongozo kwa Walezi wa Michezo wa Mwanza

Kila msimu wa michezo ya vyuo unapokaribia jijini Mwanza, maandalizi huelekezwa karibu yote kwenye ushindi. Jezi hununuliwa, kambi huwekwa, mabasi ya mashabiki hukodiwa na ngoma hukazwa ngozi, lakini ni nadra kumkuta mlezi wa michezo aliyeketi na timu yake na kuiuliza itafanya nini endapo filimbi ya mwisho itapulizwa ikiwa nyuma kwa bao moja. Matokeo yake tunayaona: mwamuzi anazongwa na vijana kumi kwa mpigo, chupa zinarushwa, nyimbo za kushangilia zinageuka matusi, wachezaji wanapanda basi bila kupeana mikono na wenzao, na usiku kucha makundi ya WhatsApp yanasambaza tuhuma kwamba refa alinunuliwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walezi, makocha, manahodha na mawaziri wa michezo wa serikali za wanafunzi katika vyuo vya Mwanza na vya kando ya ziwa, wawe wanacheza kwenye nyasi bandia za uwanja wa Nyamagana au kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya mabweni. Ninaamini kwamba tabia ya timu iliyoshindwa hupangwa siku kadhaa kabla ya mchezo, na kwamba ikiachwa bila kupangwa itajipanga yenyewe kwa namna ambayo chuo kitakuja kuijutia.

Ondoa sababu za malalamiko kabla mpira haujaanza

Malalamiko mengi yanayolipuka baada ya kipigo yana chembe ya ukweli ndani yake, na mlezi anayeyachukulia yote kuwa visingizio huwaudhi vijana wake zaidi. Lalamiko linaloongoza katika michezo ya vyuo vyetu ni la mamluki. Kijana anayecheza ligi ya mkoa, ambaye hajawahi kuingia darasani hata siku moja, anavalishwa jezi ya chuo, anafunga mabao mawili, na timu pinzani inayomfahamu tangu mitaani inabaki na uchungu ambao hakuna hotuba ya uungwana itakayoutuliza. Dawa yake ni ukaguzi unaofanyika mapema na mbele ya pande zote mbili.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Katika kikao cha maandalizi cha kabla ya mchezo, kila mlezi awasilishe orodha ya wachezaji yenye jina kamili, namba ya usajili, kozi na mwaka wa masomo, iliyogongwa muhuri na ofisi ya usajili ya chuo, na ampe mwenzake nakala. Siku ya mchezo, wachezaji wa timu zote mbili wapange mstari wakiwa na vitambulisho vyao vya chuo mkononi, na nahodha wa upande wa pili apite pamoja na kamishna wa mchezo akilinganisha sura na picha. Mwenye shaka aiseme hapo hapo. Shaka hiyo iandikwe katika ripoti, mchezaji aruhusiwe kucheza huku pingamizi likiwa limekwisha wekwa, na uthibitisho ufuatiliwe chuoni kwake siku ya kazi inayofuata. Faida kubwa ya utaratibu huu ni kwamba timu ikifungwa haina sababu ya kuanza kupiga kelele za mamluki dakika ya tisini, kwa kuwa ama pingamizi lake lipo kwenye karatasi, ama ilimkagua mchezaji huyo na kumkubali kwa macho yake yenyewe.

Sababu ya pili ya malalamiko ni giza, nayo hupuuzwa sana. Mwanza jua huzama mnamo saa 12:50 jioni, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwanga hutoweka haraka baada ya hapo. Mechi ya mtoano iliyopangwa kuanza saa 10:00 jioni, ikachelewa kwa sababu mgeni rasmi hajafika au chokaa haijapigwa, ikaanza saa 11:00, itamaliza dakika zake 90 pamoja na mapumziko na nyongeza wakati jua linazama. Ikiwa matokeo ni sare, muda wa ziada utachezwa katika utusitusi na mikwaju ya penalti itapigwa gizani, mahali ambapo hakuna anayeona kama mpira umevuka mstari. Timu itakayofungwa hapo itasema imeibiwa, na mimi binafsi nitashindwa kuilaumu. Pangeni michezo ya mtoano ianze saa 9:00 alasiri, wageni rasmi wakaribishwe wakati wa mapumziko kama wamechelewa, na kanuni ziseme wazi kitakachofanyika endapo mwanga hautatosha.

Jambo la tatu ni mawe. Jiji hili linaitwa Jiji la Miamba kwa haki, na viwanja vyetu vingi vya vyuo vimezungukwa na kokoto na vipande vya mwamba ambavyo mtu mwenye hasira anavipata bila hata kuinama sana. Asubuhi ya mchezo, kikundi cha wanachuo wapite pembeni mwa uwanja na toroli na kuyaokota, hasa nyuma ya magoli na karibu na njia anayopita mwamuzi. Wauza vinywaji nao waombwe kumimina soda kwenye vikombe na kubaki na chupa za vioo.

Mwisho, wasomeeni wachezaji kanuni za mashindano. Ni ajabu namna vijana wanavyoweza kupigania jambo ambalo kanuni ilikwisha kulimaliza. Timu iliyoambiwa mapema kwamba kadi mbili za njano katika michezo miwili zitamfungia mchezaji haitaona hujuma kiungo wake atakapozuiwa kucheza fainali.

Iache haki iwe na njia ya kupita

Wako walezi wanaodhani kuwa timu yenye nidhamu ni ile isiyolalamika kabisa. Sikubaliani nao. Kijana aliyeonewa akikatazwa kusema, hasira yake hutafuta mlango mwingine, na mlango ulio karibu zaidi ni mwili wa mwamuzi. Kinachotakiwa ni lalamiko liwe na mtu mmoja wa kulisema, muda wa kulisema, na karatasi ya kuliandika.

Mpira wa kikapu umelipanga jambo hili vizuri kuliko michezo mingi. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, nahodha ambaye timu yake inaona imedhulumiwa humjulisha mwamuzi mkuu ndani ya dakika 15 baada ya mchezo kumalizika, kisha husaini katika nafasi iliyotengwa kwa ajili hiyo kwenye karatasi rasmi ya matokeo. Kanuni hizo pia zinataja mambo yanayoweza kukatiwa rufaa, yakiwamo makosa ya kuhesabu pointi au muda ambayo hayakusahihishwa na kukiukwa kwa masharti ya uhalali wa mchezaji. Maoni ya mwamuzi kwamba fulani alimsukuma fulani hayamo. Mgawanyo huo unafaa kufundishwa katika michezo yote, kwa sababu vijana wengi huchanganya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa, yaani uamuzi wa mwamuzi kuhusu tukio la uwanjani na uvunjaji wa taratibu za mashindano.

Katika soka, Sheria ya 5 inasema kwamba maamuzi ya mwamuzi kuhusu mambo ya mchezo ni ya mwisho, likiwamo suala la kama bao limefungwa au halikufungwa. Baada ya mchezo kuanzishwa upya hawezi tena kubadili uamuzi huo hata akitambua kuwa amekosea. Mweleze mchezaji wako hivyo bila kumzungusha: kelele zake haziwezi kurudisha bao, na kwa Sheria ya 12 zinaweza kumletea kadi ya njano kwa kupinga uamuzi kwa maneno au kwa vitendo. Kinachoweza kurudisha pointi ni mamluki aliyethibitishwa, mchezaji anayetumikia adhabu ya kadi akachezeshwa, au mchezo uliovunjwa kinyume cha kanuni, na haya yote hushughulikiwa kwa maandishi.

Andaa barua ya rufaa kabla ya msimu, iwe tayari na nafasi za kujaza. Iwe fupi. Itaje mchezo, tarehe, uwanja, kifungu cha kanuni kilichovunjwa, ushahidi uliopo na majina ya mashahidi, kisha isainiwe na nahodha na mlezi. Ada ya rufaa, kama ipo, iwe imetengwa kwenye bajeti, kwa maana nimeona rufaa ya haki ikifa kwa sababu muda uliisha wakati viongozi wakichangishana. Usiandike katika barua hiyo kwamba mwamuzi amehongwa kama huna uthibitisho. Andika tukio lenyewe, dakika lilipotokea, na kilichofuata.

Kuna aina moja ya kulalamika ambayo inapaswa kukatazwa kabisa, nayo ni kugoma kuendelea na mchezo. Tarehe 31 Mei 2019, katika marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mjini Radès, Tunisia, Wydad Casablanca ya Morocco walikataa kuendelea baada ya bao lao la kusawazisha kukataliwa huku mfumo wa video wa kumsaidia mwamuzi ukiwa haufanyi kazi. Malalamiko yao kuhusu mitambo yalikuwa na uzito, lakini mgomo uliwaweka wao kwenye kosa. Kombe lilikabidhiwa wapinzani wao, Espérance ya Tunisia, usiku ule ule, shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na ubingwa ukabaki Tunisia. Chuo kisicho na wanasheria wala fedha za kesi kitafaidika nini kwa kuwaita wachezaji watoke nje? Malizeni mchezo, kisha wekeni pingamizi.

Mtu mmoja wa kuzungumza na mwamuzi

Sheria ya 3 ya soka inasema nahodha hana hadhi maalumu wala upendeleo, ila ana kiasi fulani cha wajibu kwa tabia ya timu yake. Nahodha wa chuo achaguliwe kwa kuzingatia hilo. Mara nyingi tunamvisha kitambaa mfungaji bora au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayependwa, halafu tunashangaa anapokuwa wa kwanza kumsukuma mshika kibendera.

Katika Mashindano ya Ulaya ya mwaka 2024 nchini Ujerumani, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilielekeza kwamba nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kumwendea mwamuzi kuomba ufafanuzi, na kwamba nahodha akiwa kipa, timu itaje mchezaji mwingine wa ndani atakayefanya kazi hiyo. Utaratibu huu hauhitaji mitambo wala fedha, na unaweza kuanza kutumika kwenye bonanza la Jumamosi ijayo. Ufanyieni mazoezi. Mara moja kwa wiki, katika mechi ya mazoezi, kocha atoe kwa makusudi penalti isiyostahili dhidi ya kikosi cha kwanza, halafu aangalie kinachotokea. Wachezaji wajifunze kurudi nyuma hatua kadhaa na kumwachia nahodha nafasi, naye ajifunze kuuliza kwa sauti ya kawaida, mikono ikiwa nyuma, "Mwamuzi, naomba kujua kosa ni lipi," kisha asikilize jibu na kuwarudishia wenzake. Mara ya kwanza zoezi hili huharibika, kwa kuwa vijana humzonga kocha wao mwenyewe. Endelea nalo.

Nguvu ya nahodha niliiona kwa karibu katika mechi ya mpira wa pete iliyochezwa kwenye uwanja wa saruji wa chuo kimoja hapa jijini. Timu ya wenyeji ilifungwa kwa bao moja, na mfungaji wao alikuwa amekosa mtupo wa mwisho akiwa karibu kabisa na nguzo. Aliketi chini pale pale, uso kwenye magoti, na kutoka upande wa mashabiki wake mwenyewe ikaanza kusikika zomea. Nahodha wake, akihema bado na herufi ya nafasi yake ikiwa imelowa jasho kifuani, alimwendea, akamshika mkono, akamwinua, wakaenda wote wawili hadi kwa waamuzi na kuwapa mikono, halafu kwa wapinzani mmoja mmoja. Zomea ilikatika. Baadhi ya waliokuwa wakizomea walianza kupiga makofi, na nadhani walifanya hivyo kwa sababu mtu waliyemheshimu alikuwa amekwisha kuwaonyesha kwamba msichana yule ni wao.

Robo saa ya hatari

Dakika 15 zinazofuata filimbi ya mwisho ndizo zinazoleta vurugu nyingi, kwa kuwa miili bado ina joto la mchezo na hakuna anayejua afanye nini. Zipangieni kazi, na kila kazi iwe na jina la mtu.

Kocha asimame katikati ya uwanja mahali ambapo wachezaji wote watamwona, asiende kwa mwamuzi. Nahodha awaongoze wenzake kupeana mikono na wapinzani na waamuzi. Kocha msaidizi amfuate mchezaji aliyekosea zaidi siku hiyo, awe kipa aliyeachia mpira au beki aliyejifunga, na asimwache peke yake hadi atakapofika kwenye basi, kwa sababu huyo ndiye anayelengwa na matusi na ndiye anayeweza kulipuka. Mlezi wa timu amsindikize mwamuzi akishirikiana na mlezi wa upande wa pili, mmoja kulia na mwingine kushoto, mpaka kwenye chumba au gari lake. Kitendo cha mlezi wa timu iliyoshindwa kutembea bega kwa bega na mwamuzi kinawaambia mashabiki mengi kuliko tangazo la kipaza sauti.

Baada ya hapo timu ikusanyike upande wake, si chumbani kama chumba kiko mbali, na kocha aseme maneno machache sana. Uchambuzi wa makosa usubiri. Hakuna kijana anayejifunza mbinu akiwa na machozi, na kocha mwenyewe katika muda huo husema mambo ambayo hawezi kuyafuta. Awashukuru, awataarifu saa ya kuondoka, basi.

Kuondoka nako kunahitaji mpango. Timu iliyoshindwa, pamoja na mashabiki wake, iondoke kwanza wakati washindi wakipokea zawadi au wakicheza ngoma zao. Kwa vyuo vinavyovuka maji, jambo hili lina uzito wa pekee. Mashabiki wa pande mbili wakikutana kwenye kivuko cha Kamanga kurudi Sengerema, hakuna pa kukimbilia, na utani wa kwenye sitaha unaweza kuishia majini. Walezi wakubaliane ni kundi lipi litapanda safari ipi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, wanaoelekea upande wa Geita hawalazimiki tena kungoja kivuko pamoja, na hiyo ni nafuu. Hata hivyo mabasi yasiondoke kwa kufuatana, maana dereva akipitwa na gari lililojaa wanaoimba "tumewapiga" huanza mashindano mengine barabarani.

Mashabiki

Haifai kuwataka mashabiki wakae kimya kama wako kanisani au msikitini. Mwanza ni mkoa wa ngoma na ushindani, na tangu zamani Wasukuma wamekuwa na makundi makubwa mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, yanayoshindana hadharani baada ya mavuno, kila kundi likicheza upande wake kwa wakati mmoja. Kwa kawaida anayeshinda ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Watazamaji huhama kwa miguu yao kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kundi lililobaki na watu wachache linaona kushindwa kwake kwa macho, bila refa wa kumtupia lawama, kisha linarudi kutunga nyimbo bora na kutafuta mbinu mpya kwa ajili ya mwaka unaofuata. Utamaduni huo bado unaonekana katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa. Mlezi anayetaka kuwafundisha wanachuo ushabiki wa kiungwana ana mfano wa nyumbani, na ningependa kuuona ukitumika zaidi.

Kaa na viongozi wa ushangiliaji siku mbili au tatu kabla ya mchezo na mpitie nyimbo moja baada ya nyingine. Utani wa chuo na chuo uruhusiwe: walimu watarajiwa wawatanie wahasibu, madaktari watarajiwa watanie wote. Wimbo unaotaja kabila, dini, maumbile ya mchezaji, au unaowadhalilisha wasichana, uondolewe hata kama una mdundo mzuri. Kipimo ninachokitumia ni kuwauliza kama wangeuimba mbele ya mama mzazi wa mchezaji anayeimbwa. Huwa wanacheka, halafu wanaufuta wenyewe.

Kisha tungeni wimbo wa kushindwa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona wazi jinsi linavyosaidia. Mashabiki waliokuwa wakiimba kwa saa mbili hawawezi kunyamaza ghafla. Wasipokuwa na wimbo wa kuimba timu ikifungwa, koo zile zile zitatoa matusi. Wimbo uwe mfupi, uwataje wachezaji kwa upendo, uahidi kurudi, na mpiga ngoma mkuu awe na ishara ya kuuanzisha mara tu filimbi inapolia. Wachezaji wauendee, wasimame mbele ya mashabiki wao, wapige makofi, kisha waondoke.

Pombe isiingie uwanjani. Wale wachache wanaojulikana kuanzisha fujo wapewe kazi, kama kushika bendera au kugawa maji, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi iwe na majina yao.

Ukifungwa mabao mengi

Kipigo cha bao moja huleta hasira, na kipigo cha mabao mengi huleta aibu, ambayo kwa mtazamo wangu ni mbaya zaidi kwa kuwa huzaa rafu za makusudi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, timu ya Tanzania ya mpira wa magongo ya wanaume ilifungwa na India mabao 18 kwa 0. India ndiyo iliyotwaa medali ya dhahabu mwaka ule. Watanzania wale hawakufungasha virago baada ya siku hiyo. Walirudi uwanjani na kuzicheza mechi zao zilizobaki. Wasimulie wachezaji wako habari hiyo pale wanapokuwa nyuma kwa mabao matano wakati wa mapumziko na mmoja wao anasema afadhali avunje mguu wa mtu. Halafu wape lengo dogo linalopimika kwa kipindi cha pili, kama kuzuia kona au kupiga mashuti matatu yanayolenga goli, ili wawe na kitu cha kupigania.

Mpira huo huo wa magongo una jambo jingine la kuazima. Kadi yake ya kijani humtoa mchezaji nje kwa dakika 2, ya njano kwa dakika zisizopungua 5, na nyekundu kwa mchezo wote. Mchezaji aliyepandwa na hasira anapata nafasi ya kupoa, na timu inahisi pengo lake bila kuharibiwa mchezo mzima. Sheria za soka pia zinaruhusu kutolewa kwa muda katika mashindano ya ngazi ya chini kwa idhini ya shirikisho la nchi, kwa hiyo kamati za michezo ya vyuo zinaweza kuliomba kupitia chama cha soka cha mkoa. Hadi hapo, kocha anayo mamlaka yake mwenyewe: akimwona mchezaji amekunja ngumi, ambadilishe kabla mwamuzi hajamtoa.

Usiku ule na siku zinazofuata

Simu huanza kulia kabla basi halijafika stendi ya Buzuruga. Kipande cha video cha sekunde kumi kinazungushwa, na mwamuzi anaitwa mwizi na watu ambao hawakuwa uwanjani. Waziri wa michezo atoe taarifa moja, mapema, kwa maneno kama haya: "Leo timu yetu imefungwa mabao mawili kwa moja. Tunawapongeza wapinzani wetu. Tumewasilisha pingamizi la maandishi kuhusu usajili wa mchezaji mmoja, na tutawajulisha uamuzi wa kamati. Tunaomba asitajwe mtu yeyote kwa jina wala kutukanwa." Wasimamizi wa makundi wakumbushwe kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uonevu wa mtandaoni na usambazaji wa taarifa za uongo, na kwamba kuwa mwanachuo mwenye uchungu wa kufungwa hakumpi mtu kinga.

Kikao cha tathmini kifanyike baada ya siku mbili, kikianza na mchezo wenyewe na kumalizia na mwenendo. Aliyemtukana mwamuzi aandike barua ya kuomba radhi kwa mkono wake na aipeleke mwenyewe akiwa na mlezi. Faini peke yake haitoshi, kwa maana wenye uwezo huilipa na kurudia. Aliyepiga mtu afikishwe kwenye kamati ya nidhamu ya chuo bila kusubiri chuo kingine kilalamike.

Uamuzi wa rufaa utakapotoka, usomwe kwa timu na kubandikwa kwenye ubao ule ule wa matangazo yalipobandikwa malalamiko, uwe umewakubalia au umewakatalia. Kama rufaa imekataliwa, bandikeni pia sababu zilizotolewa na kamati, ziwe kamili bila kupunguzwa, na nakala ya barua ya rufaa pamoja na risiti ya ada vihifadhiwe kwenye faili la michezo ili mlezi atakayekuja avikute.